Harufu ya Mgeni, Harufu ya Mwenyeji: Jinsi ya Kuondoa Uvundo Kwenye Vichezeo vya Plastiki vya Mitumba

Asubuhi ya mwezi wa Julai katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, wakati pumzi ya muuzaji bado inatoka mdomoni kama moshi, robota la vichezeo linaweza kufunguliwa na asiwepo hata mtu mmoja wa kukunja uso. Midoli, magari ya kusukuma, wanyama wa plastiki na vipande vya kujengea nyumba hutandazwa juu ya turubai, wateja wa mapema huchagua wanachokitaka, hulipa na kuondoka. Ikifika saa saba mchana, jua likiwa limekwisha kulipasha turubai, mali ileile huanza kutoa harufu ya moshi wa sigara, ya stoo iliyofungwa muda mrefu, ya mafuta yaliyochacha, na pengine harufu kali ya siki ambayo hakuna aliyeimwaga.

Bibi mmoja aliyekuja kutoka Rungwe alinirudishia mdoli aliokuwa amemnunulia mjukuu wake asubuhi ya namna hiyo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akauweka mdoli mezani na kusema kwa upole: "Mwanangu, hapa sokoni mdoli huu ulikuwa umenyamaza. Umefika nyumbani karibu na jiko, ndipo ukaanza kunuka." Nilimrudishia fedha yake, naye kabla ya kuondoka akaongeza kwamba nikiweza kuuponya nimwekee, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshaupenda. Mdoli ulikuwa wa vinili laini, wa mtindo wa miaka ya 1980, wenye nywele ndefu, na haukuwa na doa hata moja. Nilikuwa nimeuosha kwa sabuni ya unga kabla ya kuuza, nikaupulizia manukato, nikaamini kazi imekwisha.

Lugha yetu ilikuwa na onyo ambalo sikulisikiliza. Kiswahili hutofautisha kunuka na kunukia, na kitu kimoja kinaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Manukato hukifanya kichezeo kinukie, lakini hayakizuii kunuka. Yakipaa yote baada ya siku mbili, kilichokuwa chini yake hubaki palepale. Tangu siku ile nimeona kwamba wengi wetu tunaoshughulika na bidhaa hizi hatukosei katika kuosha, tunakosea kabla ya kuosha, kwa sababu hatuulizi harufu ni ya nani. Ipo harufu ya mgeni, iliyotoka kwingine ikakaribishwa na plastiki, na ipo harufu ya mwenyeji, inayotoka katika plastiki yenyewe inapozeeka na kuvunjika. Ya kwanza karibu kila mara inaweza kutolewa, mradi mtu awe na subira. Ya pili haiondoki kwa sabuni yoyote, na anayeisugua anajichosha.

Kabla ya sabuni, pua

Harufu ni chembe halisi za kitu, molekuli zilizopaa kutoka kwenye uso wake zikaingia puani. Joto likiongezeka hupaa nyingi zaidi, na baridi ikizidi hutulia. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya kipupwe usiku wake huwa chini ya nyuzi joto 10, kwa hiyo plastiki iliyolala kwenye kibanda huamka ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Kuinusa saa moja asubuhi hakukuambii chochote. Wafanyabiashara wa Njombe na Makete, ambako baridi ni kali zaidi, wana sababu kubwa zaidi ya kutoamini pua zao za asubuhi.

Njia ya kuaminika ni kukifungia kichezeo kikavu ndani ya chombo kisicho na harufu yake chenyewe, kama vile chupa pana ya kioo au sufuria yenye mfuniko, na kukiweka mahali penye uvuguvugu kwa muda wa saa moja. Kisha mfuniko hufunuliwa na kunuswa papo hapo, kabla hewa haijabadilika. Anayenusa asiwe yule aliyeshinda katikati ya marobota, maana pua huizoea harufu ndani ya dakika chache na kuacha kutoa taarifa. Mimi humwita jirani anayeuza nyanya, ambaye hana sababu ya kunipendelea.

Harufu ikishapatikana, ipewe jina. Uvundo wa udongo uliolowa ni ukungu. Harufu ya sigara inafahamika, ingawa ikiwa kuukuu hufanana na majivu yaliyomwagiwa maji. Ukali unaopanda kichwani na kukumbusha kabati la nguo za sherehe ni vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Harufu ya mkojo huenda ni ya panya waliopita ghalani, na hapo mikono ivae glavu tangu mwanzo, kwa kuwa mkojo wa panya hubeba magonjwa. Hao wote ni wageni. Lakini siki isiyo na sababu, harufu ya karafuu maiti ndani ya mdoli mwepesi sana wa zamani, au harufu ya samli iliyooza inayokaribia matapishi kwenye plastiki ngumu inayopitisha mwanga, hizo zinaelekea kuwa za mwenyeji, nami nitazirudia baadaye.

Wageni wa ngozini na wageni wa ndani

Mtu huiona plastiki kama kioo, kitu kilichoziba kabisa, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyovurugana kama nyuzi za katani zilizotupwa ovyo, na katikati ya nyuzi hizo mna nafasi ndogo sana. Maji hayapiti kwa urahisi, lakini molekuli za mafuta, za moshi na za dawa ya nondo huingia polepole na kukaa, kwa sababu zinafanana na plastiki kwa tabia kuliko zinavyofanana na maji. Kwa sababu hiyohiyo bakuli la plastiki lililowekwa mchuzi wa nyama halisafishiki harufu wala rangi, wakati sahani ya kigae inaoshwa mara moja ikawa kama mpya.

Vichezeo havilingani katika hili. Vipande vya kujengea vya LEGO, ambavyo tangu mwaka 1963 vimetengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo ABS, humeza kidogo na kwa taratibu. Mdoli wa vinili laini, yaani PVC, ni jambo lingine kabisa. PVC kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini kama shavu la mtoto huchanganywa na vilainishi, mafuta mazito ambayo yanaweza kufika theluthi moja ya uzito wote au zaidi. Vilainishi hivyo huitanua minyororo na kuacha njia pana, na vyenyewe ni makao mazuri ya harufu za mafuta. Kwa hiyo mdoli uliokaa miaka 20 katika nyumba ya mvutaji sigara una moshi ngozini, na una moshi katika mwili mzima.

Muda wa kutoka unafuata kanuni ambayo ingewapunguzia watu hasira kama wangeijua: unene wa plastiki ukiongezeka mara 2, muda wa harufu kusafiri hadi nje huongezeka mara 4. Mkono mwembamba wa mdoli unaweza kutulia baada ya siku chache, na kichwa chenye ukuta mnene mara mbili kikahitaji wiki kadhaa, ingawa vimeoshwa katika beseni moja siku moja. Mtu anaposema "nimeosha ikatoka, ikarudi", harufu haikurudi kutoka popote. Ya ngozini ilitoka, kisha ya ndani ikafika juu kwa zamu yake.

Safari nayo huongeza tatizo. Vichezeo hivi vimekandamizwa ndani ya robota huko Ulaya au Marekani, vikakaa wiki nyingi katika kontena linalopata joto kali mchana na kutoa jasho usiku, kisha vikatoka bandari ya Dar es Salaam kwa barabara ya zaidi ya kilomita 800, vikapanda Kitonga, vikapita Iringa, Mafinga na Makambako hadi kufika huku. Katika muda huo wote plastiki imegusana na plastiki. Gari moja lililotoka nyumba ya wavutaji hugawa harufu yake kwa majirani wote, na ndiyo maana mimi hutenganisha vinavyonuka siku ileile robota linapofunguliwa, kabla hata ya kupanga bei.

Kuosha kwenyewe kunataka utulivu kuliko nguvu. Maji yawe ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi joto 40, kiwango ambacho kampuni ya LEGO yenyewe inakishauri kwa bidhaa zake. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa maji ya Mbeya huchemka yakiwa na takriban nyuzi 94, chini ya yale ya pwani kwa sababu ya mwinuko, basi hayana madhara. Nyuzi 94 zinatosha kabisa kupinda gurudumu na kulegeza gundi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa kuliko sabuni ya unga, ambayo chembe zake ambazo hazijayeyuka hukwaruza rangi. Mswaki wa zamani huingia kwenye mikunjo, na dodoki hutosha sehemu pana. Majivu, ambayo mama zetu wanayatumia kung'arisha sufuria, yasiguse uso uliopakwa rangi kwa mkono, kama nyusi na midomo ya mdoli, kwa sababu yatauondoa uso wenyewe.

Sehemu inayosahaulika ni uwazi wa ndani. Mdoli una tundu shingoni, mapajani na katika kila shina la nywele, na maji yakiingia bila kutoka huanzisha ukungu ambao haukuwepo. Kichwa cha vinili laini kinaweza kuvuliwa kwa kukiloweka dakika chache katika maji ya uvuguvugu na kukizungusha taratibu, lakini kikiwa kimekakamaa kwa uzee kiachwe, kwa kuwa kitachanika. Midoli inayofumba na kufumbua macho ina vyuma vidogo ndani vinavyoshika kutu, na inayolia ina kisanduku cha sauti; hiyo hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, haizamishwi. Nywele hushika moshi kuliko mwili na huoshwa peke yake mara 2 au 3. Bata wa kuogea mwenye tundu tumboni ni bora asiuzwe kabisa, kwa sababu ndani yake mara nyingi mna utando mweusi wa ukungu usiofikiwa na brashi yoyote, na mtoto ataukamulia usoni.

Vichezeo vya betri vifunguliwe kabla ya yote. Betri iliyovuja huacha unga mweupe au wa kijani na harufu kali ya chuma. Kama betri ilikuwa ya aina ya alkali, pamba yenye siki kidogo huutuliza unga huo, kisha hupitishwa kitambaa chenye unyevu na kukaushwa vizuri.

Siki, magadi na mkaa

Hapa ndipo ushauri wa mitaani unapogongana, na kila mshauri ana mfano wa kweli wa mahali ushauri wake ulipofanya kazi. Sababu ni kwamba harufu nyingi ni za tindikali au za kinyume chake, yaani besi, na tindikali hutulizwa na besi, besi hutulizwa na tindikali. Shombo la samaki, mkojo uliooza na sehemu ya mabaki ya sigara, ikiwemo nikotini, ni besi; hapo siki iliyochanganywa na maji, au maji ya limao, hufanya kazi vizuri. Mafuta yaliyochacha na jasho kuukuu ni tindikali; hapo siki haina msaada, na inayotakiwa ni bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki. Aliyefaulu kwa siki na aliyefaulu kwa bikaboneti wote wawili wanasema kweli, ila walikuwa wanapambana na maadui tofauti. Kuvichanganya viwili hivyo katika beseni moja, jambo ambalo watu hulipenda kwa sababu ya povu lake, ni kuvimaliza nguvu vyenyewe kwa vyenyewe na kubaki na maji ya chumvi.

Magadi yasichukuliwe kuwa ndiyo bikaboneti. Magadi ya kupikia maharage au makande ni makali zaidi, yana uchafu wa asili, na yakikaa muda mrefu yanaweza kuchubua rangi na kuacha madoa meupe. Anayeyatumia kwa kukosa kingine ayayeyushe, ayachuje, atumie kidogo na asuuze sana.

Harufu nyingine si tindikali wala besi, na hizo ndizo sugu: dawa ya nondo, mafuta ya petroli, lami ya moshi. Hizo hazitulizwi na chochote kilicho jikoni. Zinahitaji kutoka kwa kupaa, na kazi yetu ni kuzifungulia mlango. Hapa ndipo mkaa unapotajwa, na mkaa ni kweli hunasa harufu, kwa sababu ndani yake umejaa vishimo visivyohesabika vyenye kuta ambazo molekuli hujishikiza. Lakini mkaa unaosifiwa vitabuni ni ule uliotengenezwa maalumu kwa mvuke na joto kali hadi gramu moja ikawa na kuta za mamia ya mita za mraba. Mkaa wa gunia letu una sehemu ndogo tu ya uwezo huo, na ukiwa umekaa wazi kibandani umeshajinywea unyevu na harufu za soko. Upondwe, ukaushwe juu ya moto kwenye kikaango hadi uache kutoa mvuke, upoe ukiwa umefunikwa, kisha ufungwe kwenye kitambaa ili usichafue plastiki. Kwa namna hiyo unasaidia.

Majani makavu ya chai nayo hunyonya harufu upesi, jambo linalojulikana kwa kila anayehifadhi chai Mufindi au Tukuyu, ambako haiwekwi karibu na sabuni wala mafuta. Mfuko mdogo wa majani hayo ndani ya sanduku la vichezeo una faida ya kiasi, mradi yabaki makavu na baadaye yatupwe, yasirudishwe kwenye birika. Unga wa kahawa, ambao wengi huusifu, kwa maoni yangu hufunika zaidi ya unavyonyonya, na ukipata unyevu huota ukungu.

Mambo machache hayana mjadala. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki wala limao, kwa maana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Isichanganywe pia na kitu chenye amonia. Mafuta ya taa na petroli huingia ndani ya plastiki na kuwa harufu mpya mbaya kuliko ya kwanza. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha ABS na polistaireni, plastiki nyingine ngumu, mbele ya macho yako. Spiriti hufuta gundi ya stika vizuri, lakini huondoa rangi za kuchora na huweza kutia nyufa ndogo katika plastiki angavu, kwa hiyo ijaribiwe kwanza chini ya unyayo, mahali pasipoonekana.

Upepo wa kipupwe, ukungu wa mvua

Kifaa bora kuliko vyote ninavyovijua hakiuzwi. Ni upepo mkavu wa kuanzia Juni hadi Septemba unaoshuka kwenye milima yetu. Hewa inayopita huzibeba molekuli mara tu zinapofika juu ya plastiki, na hewa mpya haijai kama mkaa unavyojaa. Kwa hiyo, kiangazi mkaa ni wa ziada tu. Vichezeo vilivyooshwa na kukauka vipangwe kwenye chekecheke au wavu, visigusane, vigeuzwe kila siku, vipewe wiki badala ya siku.

Swali linalofuata ni kuhusu jua, na hapa mwinuko unatudanganya. Kwa kuwa hewa ni baridi, mtu hudhani jua la Mbeya au la Mafinga ni pole, akaviacha vichezeo juu ya bati kutwa nzima. Mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kupausha kitambaa, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mionzi hiyo huvunja minyororo ya plastiki. ABS nyeupe hugeuka manjano, nyekundu hupauka, vinili hukakamaa. Joto tunalihitaji, mionzi hatuihitaji. Mahali panapotoa la kwanza bila la pili ni kibarazani chini ya paa la bati, au nyuma ya pazia jepesi kwenye dirisha lililo wazi, ambapo mchana huwa na uvuguvugu wa kutosha kuziharakisha harufu bila jua kuigusa plastiki.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mambo hubadilika, na katika Rungwe, mojawapo ya wilaya zenye mvua nyingi zaidi nchini, hayatulii kabisa. Neno letu ukungu lina maana mbili, lile wingu linalotambaa chini asubuhi na ule utando unaoota kabatini, na wa kwanza ni mzazi wa wa pili. Ukungu hauli plastiki ngumu, unakula uchafu ulio juu yake: mate, makombo, mafuta ya vidole. Kichezeo kilichooshwa hadi utelezi wote ukaondoka na kukaushwa hadi ndani hakina chakula cha kuutunza. Kilichokwisha kuota kifutwe nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kwa kuwa vumbi lake huwadhuru wenye pumu, kisha kioshwe. Katika miezi hiyo ndipo sanduku lililofungwa lenye mkaa mkavu au chai linapostahili, kwa sababu hewa ya nje imejaa maji na haikaushi kitu. Sanduku hufunguliwa siku ya jua na kufungwa kabla ya jioni.

Dawa ya nondo inahitaji maneno ya pekee. Vidonge vya nafthalini hupaa bila kuyeyuka kwanza na kuingia ndani ya plastiki kwa wingi. Harufu yake ni zaidi ya kero: nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana katika jamii za maeneo yenye malaria, na wengi hawajui kama wanayo. Kichezeo chenye harufu hiyo hakipewi mtoto mchanga hata kama mama anasema haimsumbui. Kinatundikwa upeponi hadi jaribio la chupa litoke bila kitu.

Plastiki inaponuka yenyewe

Sasa turudi kwa mwenyeji. Kabla ya ABS, vipande vya LEGO vya mwanzo pamoja na vichezeo vingi vya katikati ya karne iliyopita vilifinyangwa kwa selulosi asetati, plastiki inayotokana na nyuzi za mimea. Inapozeeka huachia tindikali ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe, na tindikali hiyo huharakisha kuvunjika kwa kilichobaki, kwa hiyo ugonjwa ukishaanza hujiongezea kasi. Ili kuitofautisha na siki ya mtu aliyeosha kabla yako, kioshe kichezeo, kikaushe, kisubirie wiki moja. Siki ya kuoshea haitarudi, ya asetati itarudi. Jamaa yake mwingine, aliyechanganywa na tindikali ya buturiki, ndiye anayenuka samli iliyooza. Na mdoli mwepesi kama ganda la yai wenye harufu ya karafuu maiti huenda ni seluloidi, plastiki ya kale ambayo hadi takriban mwaka 2014 ilitengenezewa mipira ya tenisi ya mezani. Huwaka kwa kasi ya kutisha. Anayetaka kuujaribu mdoli huo kwa kiberiti au pini ya moto ajue anachezea nyumba yake.

Vinili huzeeka kwa namna nyingine: vilainishi hupanda juu, ngozi ya mdoli hunata, vumbi hukaa, na harufu nzito ya pazia la bafuni hutanda. Sabuni ya maji hutoa unato wa juu kwa muda, nao hurudi. Yvonne Shashoua wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark, aliyechunguza uzeekaji wa plastiki za makumbusho kwa miaka mingi, alionyesha kwamba PVC laini hudumu zaidi ikifungiwa ndani ya chombo kisichonyonya kitu, kwa kuwa vilainishi vikikosa pa kwenda hubaki ndani. Asetati inataka kinyume chake, hewa inayopita, ili tindikali isirundikane. Hapo pana fundo ambalo halifunguki kwa kanuni moja: mdoli wa vinili wenye harufu ya sigara unahitaji upepo ili utoe moshi, na upepo huohuo unaupunguzia ulaini wake. Uamuzi wangu ni kuupa upepo kwa wiki chache zinazohitajika, na harufu ikishakwisha kuufunga, badala ya kuutundika mwaka mzima.

Kuondoka kwa harufu hakumaanishi kwamba kichezeo ni salama kwa kila mtoto. Vilainishi vya zamani vilikuwa vya jamii ya fithaleti, na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2005 ya kuzuia aina 6 za kemikali hizo zisizidi asilimia 0.1 katika vichezeo. Marekani ilifuata mwaka 2008. Rangi za zamani pia huweza kuwa na madini ya risasi au kadimiamu, yote mawili yenye sumu. Vinili laini vya kabla ya miaka hiyo mimi siviuzi kwa ajili ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni, hata vikinukia kama ua, na mzazi anayeniuliza sababu humweleza.

Mdoli wa bibi wa Rungwe ulikuwa na moshi wa sigara. Niliuvua kichwa, nikaosha nywele mara 3, mwili nikausuuza kwa maji yenye siki kidogo na kisha maji matupu, nikauweka kibarazani chini ya bati kuanzia katikati ya Julai. Baada ya wiki 2 mikono na miguu ilikuwa imetulia, kichwa bado. Wiki ya 6 tuliufungia katika sufuria saa moja, jirani yangu wa nyanya akafunua, akanusa, akasema ananusa sufuria tu. Mjukuu wa yule bibi ana miaka 9, ameshapita umri wa kutafuna vichezeo, nami nilimweleza bibi kuhusu vilainishi kabla hajautoa mkoba wake. Kutoka katika robota lilelile nilikuwa na kioo kidogo cha mdoli, chenye fremu ngumu ya rangi ya maziwa, kilichooshwa mara 4 na kila wiki kikarudisha siki yake. Hicho nimekiweka peke yake kwenye dirisha la upande wa pili, mbali na vingine, na sikiuzi.